Tulipokataa Kuwa Timu ya Akiba

Klabu yetu ya Nyalukemba, mtaa wa mji wa Bukavu, haikuwahi kuwa kubwa. Ilianzishwa na mafundi wa nyumba, waashi na maseremala, na baba yangu alikuwa mmoja wa waashi hao. Walicheza Jumapili baada ya misa, kwenye uwanja wa shule walioazima, na baadaye wakaingia divisheni ya pili ya mji. Humo tukabaki. Hatukupanda, hatukushuka. Mtaa ulitujua, akina mama waliouza sambaza, samaki wadogo wa ziwani, kando ya uwanja walitujua, na hilo lilitutosha.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Usichanani nilicheza beki wa kati katika timu ya sekondari, na hata baada ya kuolewa sikuacha kusimama kando ya uwanja kila Jumapili, nikipiga kelele kuliko wanaume. Kocha wetu alipohamia Uvira kufuata kazi, hakuna aliyetaka nafasi yake. Prezida wa klabu, muzee seremala aliyekuwa rafiki wa marehemu baba, akasema nishike kwanza kwa muda. Ule muda haukuisha. Wachezaji wakazoea kuniita maman kocha. Waamuzi, ambao mwanzoni walinipita na kumpa mkono mwanamume yeyote aliyesimama nyuma yangu, nao wakazoea.

Mpango mpya tulisomewa katika ukumbi wa parokia, Jumamosi moja ya mvua. Mtu wa kamati ya ligi, mpole, aliyewahi kucheza mpira yeye mwenyewe, alieleza bila kuficha. Klabu kubwa za divisheni ya kwanza zilikuwa na vijana wengi waliokaa benchi msimu mzima. Waamuzi hawakutosha. Kiwango cha divisheni ya pili kilikuwa kimeshuka. Kwa hiyo kuanzia msimu uliofuata, kila klabu kubwa ingeingiza timu yake ya akiba katika divisheni ya pili, na klabu za vijijini, kutoka Kabare hadi uwanda wa Ruzizi, zingechanganywa na za mji. Ili nafasi zipatikane, klabu ya mtaa ingebaki tu kama ina uwanja wake na timu ya watoto. Isiyo navyo ilikuwa na njia mbili: itoke, au ijishikize kwa klabu kubwa na kuwa timu yake ya akiba.

Nilimsikiliza nikitafuta uongo katika maneno yake, sikuuona. Vijana wa benchi walikuwepo kweli, nami nilikuwa nimewafundisha baadhi yao wakiwa wadogo. Hilo ndilo lililonikera. Mpango ulikuwa na akili, ila ndani yake hatukuwekewa mahali.

Tulirudi kwa miguu, muzee seremala na mimi, tukipanda njia ya matope. Tulifika mlangoni kwake. Hapo akaniambia kwamba klabu imekufa, na kwamba anashukuru baba yangu hakuona siku hiyo. Nilimjibu kwamba mimi nimeiona, na sikuona maiti yoyote.

Haukupita muda, klabu moja kubwa ikatuma mjumbe. Alikuja kwenye karakana ya muzee, akaketi juu ya mbao, akaeleza vizuri. Wangetupa jezi, viatu, gari la kwenda mechi za mbali, na daktari. Sisi tungevaa rangi zao. Kocha wao angepanga nani acheze, na siku yoyote wangeweza kumchukua mchezaji wetu au kutuletea wa kwao anayepona jeraha. Mimi ningekuwa msaidizi wa kocha. Jina la klabu lingeandikwa kwa herufi ndogo chini ya jina lao. Tuliomba siku za kufikiri.

Wachezaji wote walikuja karakana jioni iliyofuata baada ya kazi. Wengine walikuwa wabeba mizigo bandarini, wengine wanafunzi, mmoja kinyozi. Kapteni wetu, kiungo ambaye mji mzima ulimjua kwa mguu wake wa kushoto, aliendesha pikipiki ya abiria. Alisikiliza wengine wakikasirika, kisha akasimama.

"Maman kocha, mie nitasema kweli," alisema. "Kama siende ku ekipe kubwa sasa, nitaenda siku gani? Magoti yangu haiko ya mutoto tena."

Wengine walimtazama kama msaliti, na muzee alikuwa ameshafungua kinywa amkemee. Nikamwahi. Nilisema kwamba mchezaji anayetaka kupanda hana kosa, na kwamba hata mimi, kama timu kubwa za wasichana zingekuwepo wakati wangu, ningeenda mbio. Kama anataka kwenda, aende kwa baraka zetu, aende kama mtu. Lakini klabu nzima haiwezi kuuzwa ili mmoja apite mlangoni.

"Enda," nilimwambia. "Lakini uende kucheza, hapana kukaa ku benchi."

Alilia kidogo, akaficha uso kwenye kofia yake ya pikipiki. Akaenda. Wiki hiyo hiyo wengine wawili walimfuata. Waliobaki tulipiga kura kwa kunyoosha mikono, na mikono yote ikakataa kuwa akiba ya mtu.

Kukataa kulikuwa rahisi. Timu ya watoto haikunitisha, maana shuleni kwangu watoto walicheza mpira wa magunia tangu kengele ya mapumziko hadi kengele ya kurudi. Shida ilikuwa uwanja. Anayeujua Bukavu anajua kwamba mahali palipo tambarare pana nyumba, na pasipo na nyumba ni mteremko ambao mvua inauchukua kipande kwa kipande. Nilizunguka mtaa wetu wote, kisha mitaa ya jirani. Niliomba kwa mapadri, kwa wakuu wa shule, kwa mwenye kiwanja cha kuuzia mbao. Wote walinipokea vizuri na wote walikuwa na sababu.

Ni mume wangu aliyelitaja jina la Nyantende, kijiji cha mlimani. Tulikuwa tunakula, akasema kule wana uwanja wao wenyewe, uliotolewa na ukoo mmoja zamani, lakini hawana wachezaji kwa kuwa vijana wao wengi wameenda kuchimba dhahabu Mwenga na Shabunda. Nilimwambia hawezi kutaja kijiji hicho mbele ya prezida. Akaniuliza ni nani anayetafuta uwanja, mimi au prezida.

Mambo yetu na Nyantende yalikuwa hivi. Misimu michache nyuma, walipokuwa bado wanacheza nasi katika divisheni ya mji, walitufunga mabao mengi kwenye uwanja wao. Walicheza vizuri kuliko sisi, hakuna aliyebisha. Lakini muzee seremala akagundua kwamba mchezaji wao mmoja hakuwa ameandikishwa sawasawa, akakata rufaa kwa ligi. Ligi ikatupa sisi ushindi, na kwa pointi zile wao wakashuka daraja. Tangu siku hiyo mtu wa klabu yetu akipita Nyantende kununua kabichi, aliuziwa zilizooza.

Nilimwendea muzee karakana. Alikuwa anapiga randa mlango, na hakuacha kupiga randa nilipokuwa nasema. Nilimweleza kwamba wao wana uwanja na hawana watu, sisi tuna watu na hatuna uwanja, na kwamba wote wawili peke yetu tutafutwa. Alisema afadhali kufutwa. Nikakaa juu ya benchi lake la kazi. Nilimwambia sitaondoka, na kesho nitakuja tena, na keshokutwa, na mlango ule utaisha wote kwa randa. Mwishowe aliweka chombo chini.

"Batatutukana," alisema.

"Watutukane. Halafu tuongee."

Tulipanda Nyantende asubuhi, mimi nikiwa na viatu vya matope na yeye akiwa amevaa koti lake la misa. Kiongozi wa klabu yao alikuwa katekista, mkulima wa makamo mwenye sauti ya chini. Tulimkuta shambani analima, na alituona tangu mbali, lakini alimaliza mstari wake wa viazi ndipo akaja. Alitusalimu kwa Mashi, lugha ya kwao, kwa adabu yote, akatukalisha kwenye jiwe, yeye akabaki amesimama ameegemea jembe.

Nilimweleza mpango wa ligi. Aliujua, maana na wao walikuwa wameusomewa. Alijua hata kwamba uwanja wao haukufaa kama ulivyo, kwa kuwa ulilala upande kama paa la nyumba, na ligi ilitaka tambarare. Nilimwambia tulikuja kuomba tuungane. Hakunijibu mimi. Alimtazama muzee.

"Mulitushusha kwa karatasi," alisema. "Kwa balo, kwa mupira wenyewe, hamukutushusha."

"Ni kweli," muzee akasema.

"Vijana wetu wakakosa mechi za kucheza. Bengine wakaenda ku migodi. Mumoja hajarudi mpaka leo, mama yake anauliza batu bote wanaotoka Shabunda."

Nilimwona muzee akigeuza kofia mikononi, na kwa mara ya kwanza nikaona kwamba hakuwa amejua. Kwake rufaa ile ilikuwa mambo ya mezani, ya kanuni. Katekista akasema yeye binafsi hana kinyongo, ila klabu si yake. Kama tunataka, tuje Jumapili baada ya misa, na muzee aseme mwenyewe mbele ya watu.

Njia nzima ya kushuka nilitarajia muzee atakataa. Aliniuliza tu kama koti lile linafaa, au achukue jingine.

Jumapili hiyo watu walikuwa wengi nje ya kanisa. Katekista aliwaomba wasitawanyike. Muzee alisimama mbele yao, mtu wa mji mwenye mvi, na akina mama wa Nyantende wakamtazama mikono kiunoni. Alisema kwamba kanuni ilikuwa upande wake lakini haki haikuwa. Alisema alitaka klabu yake ibaki hata kama nyingine itaanguka, na sasa klabu yake yenyewe inaanguka, na amekuja kwa wale aliowaangusha kwa sababu hana mlango mwingine. Hakupamba. Mwisho akasema:

"Ninaomba musamaha. Kama munakataa, nitarudi ku nyumba, na sitasema mulinitendea mubaya."

Kisha mama mmoja mzee, aliyejifunga kitenge cha parokia, akapita katikati ya watu hadi kwa muzee. Alikuwa ndiye mama wa yule kijana wa Shabunda. Nilijua hivyo kwa jinsi watu walivyompisha. Alimtazama muzee, akamshika mkono, akauliza kwa Kiswahili kama ni kweli yeye ni seremala. Muzee akasema ni kweli. Akamwambia: "Basi utatengeneza magoli. Yale yetu ilioza."

Hivyo ndivyo tulivyoungana. Mengine yalikuwa kazi, na kazi ilikuwa nyingi. Jina tulibishana hadi sauti zikakauka, tukaishia kuunganisha majina yote mawili. Rangi zilikuwa ngumu zaidi. Kijani chetu kilikuwa cha waashi wale wa kwanza, nami nilikuwa na jezi ya baba nyumbani. Njano yao ilikuwa yao. Tulikubaliana shati la njano na kaptula ya kijani, na siku ya kwanza kuziona nilihisi kama mtu amebadilisha samani za nyumba yangu wakati nimelala. Sikumwambia yeyote. Nilizigawa.

Uwanja tuliusawazisha kwa salongo, kazi ya pamoja isiyo na malipo. Kila Jumamosi wachezaji wa mji walipanda na wale wa kijiji walingoja na majembe. Upande wa juu ulibidi ukatwe na udongo uteremshwe upande wa chini, ambako tulijenga ukuta wa mawe ili udongo usije ukachukuliwa na mvua. Kinyozi wetu alitoka malengelenge siku ya kwanza, akachekwa, akarudi siku ya pili amefunga vitambaa mikononi. Katika kona ya chini palikuwa na maharage ya mama mmoja, na alikataa yang'olewe kabla hayajakomaa. Wachezaji walinung'unika kwamba wakaguzi wa ligi watakuja wakati wowote. Niliwaambia maharage ya mtu yanakomaa kwa wakati wake, wachimbe upande mwingine. Tulichimba upande mwingine. Alipovuna, alikuja yeye mwenyewe na jembe, akachimba ile kona pamoja na sisi, na mchana akatupikia maharage yale yale.

Kulikuwa na siku nilizochoka hadi nikaketi chini kwenye udongo. Nilikuwa nasahihisha madaftari alfajiri, nafundisha, nashuka sokoni, na Jumamosi napanda mlima. Mvua moja kubwa ilibomoa kipande cha ukuta tulichokuwa tumemaliza, na mawe yakaenda hadi kwenye shamba la watu. Vijana walisimama wakiyatazama. Mmoja wa Nyantende akasema labda Mungu hataki. Katekista, ambaye ndiye aliyepaswa kujua Mungu anataka nini, alikuwa ameshavua shati na kushuka kuokota mawe. Tukashuka wote.

Muzee aliweka magoli ya mkaratusi, yaliyonyooka, yamepakwa chokaa. Wakaguzi walipofika, mmoja alikuwa yule mtu mpole wa ukumbi wa parokia. Alitembea uwanja wote, akapiga kamba kupima, akasimama juu ya ule ukuta na kuruka ruka kidogo kuujaribu. Aliuliza uwanja huu ulikuwaje kabla. Tulimwonyesha mteremko wa jirani, akautazama, akautazama uwanja, na hakuuliza tena. Timu yetu ya watoto, nusu ya darasa langu na nusu ya Nyantende, ilikuwa inakimbia kuzunguka mstari. Akatia sahihi.

Msimu ulikuwa mgumu. Klabu nyingine za mtaa tulizozijua tangu utoto hazikuwepo. Baadhi zilikuwa akiba sasa, zimevaa rangi za wengine, na mashabiki wao hawakujua washangilie nani. Nyingine zilikufa kimya kimya. Tulishuka hadi Luberizi, kwenye joto la uwanda, na vijana wetu wa mlimani walicheza kipindi cha pili wakiwa kama nguo zilizofuliwa. Wakulima wa mpunga wakatufunga, wakatupa maji na ndizi, wakatucheka kwa upendo. Nyumbani Nyantende tulipoteza mara chache. Watu wa mtaa wetu walipanda kutuona, si wote, lakini akina mama wawili wa sambaza walikuja na beseni zao, na watu wa kijiji, ambao hawakuwa na ziwa, walinunua zote kabla ya mechi kuanza.

Halafu ikaja siku ya kucheza na timu ya akiba ya ile klabu kubwa. Kapteni wetu wa zamani alikuwa kati yao. Hakuwa amepata nafasi kwenye timu ya kwanza, lakini alikuwa anacheza kila wiki, na nilifurahi kuliona hilo. Alikuja kunisalimu kabla ya mechi, viatu vipya miguuni.

"Maman, uko muzuri?"

"Niko muzuri. Ucheze vizuri."

Alicheza vizuri mno. Alitufunga kwa ule mguu wa kushoto, mpira ambao kipa wetu alibaki tu akiutazama. Hakushangilia. Alirudi katikati kichwa chini, na nilimwita kutoka kando, mbele ya watu wote, nikamwambia ainue kichwa, bao lile ni zuri na asilionee aibu. Mwamuzi alinitazama kana kwamba nimechanganyikiwa. Tulisawazisha kipindi cha pili, kwa kichwa cha kijana mmoja wa Nyantende aliyekuwa amerudi kutoka migodini aliposikia kuna timu tena. Hakuwa yule wa mama wa kitenge. Yule bado hajarudi, na mama yake bado anauliza. Mechi iliisha hivyo, sare, na baada ya filimbi kapteni alikaa na wenzake wa zamani kwenye ukuta wa mawe, akila mahindi, hadi gari lao likaanza kupiga honi.

Tulimaliza msimu katikati ya jedwali, mahali petu pa siku zote. Muzee amempa katekista kiti cha prezida, kwa hiari yake, na sasa anajiita fundi wa magoli. Mimi bado ni kocha.

Majuzi tumeitwa tena katika ukumbi wa parokia. Ligi inataka kugawa divisheni ya pili katika makundi mawili, na kila klabu inatakiwa iwe na chumba cha kubadilishia nguo, chenye paa. Katika ukumbi wengine walipiga moyo konde na wengine walilalamika kwa haki. Katekista aliniinamia, akaniuliza kwa sauti yake ya chini chumba kama hicho kinataka matofali mangapi. Mimi ni binti wa mwashi. Nilimwambia Jumamosi nitakuja na kamba, tupime.